Prosesa Tuliyoikimbiza Msamala

Jambo zima lilinigharimu mahindi ya msimu mzima ya shamba letu la Maposeni, feni mbili, ngozi ya ncha ya kidole cha shahada, na kitambaa kimoja cha kufuma ambacho hadi leo sijui nikiandike upande wa mapato au upande wa hasara. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili hesabu imekataa kufunga.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaotengeneza kompyuta na simu pale mjini, mnaoniamkia "shikamoo mama" kwa adabu nzuri halafu mnanitajia bei ya kioo cha simu kana kwamba kimechongwa peponi. Nimestaafu, lakini masikio yangu bado yako kazini. Juzi niliwasikia mkibishana kuhusu kuiongezea prosesa mwendo kuliko ule iliotoka nao kiwandani, mnaita ovakloki, na mmoja wenu akasema hayo ni mambo mapya ya vijana wa gemu. Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Mwanangu, sisi tuliikimbiza prosesa hapa Msamala wakati wewe bado uko kwenye mipango ya Mungu, na mipango yenyewe ilikuwa haijapitishwa.

Nilikuwa na steshenari. Chumba kimoja, meza mbili, taipureta moja ya chuma iliyokuwa inagonga kama mvua ya mawe. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, mitihani ya shule, na mara moja niliwachapia ndugu wawili waliokuwa wanashitakiana, kila mmoja barua yake, kila mmoja akaniomba nisimwambie mwenzake. Nikawatoza bei moja.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Soko likafunguliwa, na kila kitu kikaanza kupanda Songea kwa njia ya mtumba: kwanza suruali, halafu baiskeli, halafu friji, mwisho kompyuta. Yangu niliinunua Kariakoo, kwa fedha ya yale mahindi ya Maposeni. Nilibishana na muuzaji tangu alipofungua duka mpaka adhana ya adhuhuri. Akaenda kuswali, akarudi, akanikuta nimekaa juu ya boksi lilelile. Nadhani alinipunguzia bei ili apate mahali pa kukaa. Nikaifunga kwa mablanketi, nikapanda nayo basi, na pale kwenye kona za Lukumburu niliipakata kama mwali.

Jirani wa kibanda changu alikuwa Fundi Mustafa, Myao wa Tunduru, fundi redio. Tuligawana ukuta na tuligawana stuli ya wateja. Alikuwa amenizidi umri, hivyo kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, naye akaipokea vizuri, marahaba Skola. Salamu zikishaisha, utani unaanza, maana Mngoni na Myao hawawezi kukaa ukuta mmoja bila kukumbushana vita vya mababu. Yeye husema mababu zangu walitembea kutoka kusini mpaka hapa wakiwa na ngao tu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kubeba bisibisi. Mimi humjibu kwamba mababu zake walikuwa na bisibisi lakini walishaiuza.

Huyo ndiye aliyeifungua kompyuta yangu siku ya kwanza. Nje ilikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa mia moja sitini na sita, ndio mwendo wake. Fundi akatoa bati, akapangusa vumbi, akainamia prosesa na ile lenzi yake ya jicho moja. Kisha akasema taratibu:

"Mngoni, umeuziwa mbuzi kwa bei ya ng'ombe."

Prosesa yenyewe ilikuwa ya mia moja thelathini na tatu. Karatasi ya nje ilikuwa ya mashine nyingine. Kwa hiyo vijana, mkisikia watu wanasema Mama Skola aliongeza mwendo kwa ubishi, si kweli. Mimi nilikuwa nadai chenji yangu.

Hata hivyo chenji hiyo niliiacha ikae muda mrefu sana, na hapa kuna fundisho la kwanza. Jiulize unaharakia nini. Barua ya kuomba kazi haimalizwi mapema na prosesa, inamalizwa na vidole, na kazi yenyewe itachelewa kujibu vilevile. Mashine inayotosha iache itoshe. Fundi alikuwa na msemo wake kuhusu vikuza sauti vya harusini: spika haiuawi na wimbo, inauawa na yule anayepandisha sauti wakati wimbo tayari unasikika hadi Mshangano.

Kilichotuharakisha sisi ni kaseti.

Zamani, Fundi Mustafa alipokuwa anatafuta maisha mbali na kwao, mkewe Bi Zainabu alikuwa hamwandikii barua, anamtumia kaseti. Anakaa mbele ya redio, anabonyeza kitufe chekundu, anaongea, kisha kaseti inapewa mtu anayesafiri. Nyingi zilifutwa na kurekodiwa juu, maana kaseti mpya zilikuwa ghali. Ikabaki moja. Bi Zainabu alifariki mtoto wao Mwanaidi hajaanza hata kutambaa. Wakati huo Mwanaidi ameshakuwa mkubwa, ameposwa, anakwenda kuolewa Masasi, na katika maisha yake yote hajawahi kuisikia sauti ya mama yake. Baba yake alikuwa anaogopa kuicheza ile kaseti. Alikuwa na sababu: utepe ulishaanza kuoza, na kila ukipita kwenye redio unaacha unga wa kahawia. Alinionyesha unga huo kwenye kipande cha pamba. Alisema hiyo si takataka, hiyo ni sauti yenyewe inabanduka.

"Itapita mara moja," akaniambia. "Labda. Ya pili sikuahidi."

Akataka ipite kwenye kompyuta yangu, ibaki humo, kisha tutoe nakala safi.

Tukajaribu kwanza na kaseti ya kwaya, ya mazoezi. Diski yangu ilikuwa ndogo, haiwezi kupokea saa nzima ya sauti mbichi, hivyo programu ilibidi iwe inaibana sauti papo hapo inapoingia. Prosesa haikuweza. Ilikuwa inaachwa nyuma kama mzee kwenye maandamano. Tulipocheza tulichorekodi, kwaya nzima ilikuwa inaruka mashimo: neno lipo, neno halipo. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akazima. Kwa kwaya ni kichekesho. Kwa Bi Zainabu ingekuwa ni kumzika mara ya pili, tena vipande vipande.

Ndipo nikasema, haya, twende tukadai chenji.

Sasa sikilizeni jinsi wenye akili wanavyoikimbiza prosesa ya zamani. Kazi hii inataka woga, vifaa ni kidogo tu.

Kwanza, vyote vya wateja vilivyomo ndani nilivinakili kwenye disketi. Nikavinakili tena kwenye disketi nyingine. Fundi akaniuliza kama nataka na za tatu za kuzikia. Pili, siku hizo mwendo ulikuwa haubadilishwi kwa kuandika kwenye skrini. Kwenye bodi kulikuwa na vijiti vidogo vya pini, na kikofia cheusi cha plastiki, jampa, kinavishwa juu ya pini mbili kuziunganisha. Ukihamisha kikofia, umebadilisha mwendo. Jedwali la nafasi zake lilichapwa kwenye bodi yenyewe kwa herufi za ukubwa wa chawa. Tulisoma mimi na yeye kwa zamu, na kabla ya kugusa chochote nilichora kila kikofia kilipokuwa. Ukipotea, uwe na njia ya kurudi nyumbani.

Tatu, kuna kikofia kingine, cha umeme unaoingia kwenye prosesa. Hicho hatukukigusa, na nyinyi kwenye mashine kuukuu msikiguse. Mwendo ukizidi, mashine itaganda, utaurudisha. Umeme ukizidi, hakuna cha kurudisha. Na umeme wa mji wetu wakati huo ulitoka kwenye majenereta, wenyewe tu unapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Niliweka stabilaiza kwanza. Niliipata kwa kubadilishana na kuku, na yule mwenye stabilaiza alidhani kanipunja mpaka alipomjaribu kuku.

Nne ni joto, na hapo ndipo palipotutoa jasho. Prosesa ikienda mbio inachemka. Juu yake kuna kipande cha aluminiamu chenye mapezi, na juu ya mapezi feni. Ya kwangu ilikuwa feni ya kukatisha tamaa, inazunguka kwa hisani. Fundi akaing'oa. Akasugua gundi kuukuu iliyokauka, akapaka ile grisi nyeupe wanayopaka chini ya transista za amplifaya, kidogo sana, kama mafuta ya mwiko wa maskini. Nilidhani anabana matumizi, nikamsifu. Akaniambia hapana, grisi ikiwa nyingi inakuwa blanketi. Akatafuta pande kubwa la aluminiamu kwenye amplifaya iliyokufa, akalikata kwa msumeno, akalisawazisha kwa msasa juu ya kioo cha dirisha, akalifunga kwa waya, na juu yake feni nyingine. Ukiliona utadhani ni jiko. Nikamuuliza kama tutabandika na chungu.

Tukasubiri mwezi wa saba. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, asubuhi ukifungua mlango inaingia kabla yako. Baridi hiyo haina bei, na mimi kitu kisicho na bei hakijawahi kunipita. Tukapandisha hatua moja tu, mia na hamsini. Tukaiacha ifanye kazi nzito, tukaitazama. Nikagusa aluminiamu kwa kidole kupima joto, na hapo ndipo ngozi ya kidole ilipobaki. Feni ya pili ilikuwa imekwama na hakuna aliyetazama. Tangu siku hiyo tunatazama feni kwanza, kidole baadaye. Tukaweka nyingine, ikatulia. Tukaenda mia sitini na sita. Ikawaka. Ikaandika namba yenyewe kwenye skrini, ile niliyolipia. Nilikaribia kumpigia simu yule wa Kariakoo.

Halafu ikaanza kutuchezea.

Tukiwa tumekaa mbele yake, inafanya kazi bila tatizo. Tukitoka kwenda kunywa chai, tukirudi imeganda, skrini imekodoa macho. Tukarudi mia na hamsini: hivyo hivyo. Fundi akabadilisha grisi. Mimi nikabadilisha stabilaiza. Mama muuza maandazi wa jirani akasema mashine hiyo ina mtu, inaona haya kufa mbele za watu, tumtafute mtaalamu. Nikamuuliza mtaalamu anatoza kiasi gani. Siku za Mwanaidi kuondoka zinakaribia, na Fundi ameanza kusema labda tuiache tu kaseti ilale, labda Mungu hataki.

Mimi sina elimu ya mambo hayo, lakini najua kuhesabu. Nikakaa na kikombe changu, nikahesabu tunachofanya tukiwepo na tunachofanya tukiondoka. Mara ya kwanza hesabu ikalingana. Mara ya pili ikazidi kitu kimoja.

Kitambaa.

Nyumba gani ya kwetu inaacha redio uchi? Televisheni, friji, viti, kila chenye thamani kinafunikwa kitambaa cha kufuma, na anayekifunua anatazamwa kama aliyemvua mtu nguo. Kompyuta yangu ilipoingia Msamala, Fundi aliniletea kitambaa cheupe chenye ua la bluu katikati, kilichokuwa kinafunika redio nyumbani kwake. Kilikuwa kimefumwa na Bi Zainabu. Akasema mashine hii imetoka mbali, vumbi letu jekundu litaiua, tuistiri. Kila tulipotoka, mmoja wetu aliifunika bila hata kufikiri, kama unavyovuta mlango. Na kilikuwa kirefu. Kilishuka nyuma mpaka chini, kikaziba tundu zote za hewa. Aluminiamu yote ile, grisi yote ile, baridi yote ile ya Mungu, halafu tunaivisha shuka.

Sikujua nimwambieje. Kwa mtani ni rahisi kusema lolote, isipokuwa jambo lenyewe. Nikamwambia tu, Fundi, tujaribu kutoka bila kufunika. Akanitazama, akatazama mashine, akaelewa. Fundi wa amplifaya kuelewa joto halikuwa tatizo. Alisema angeweza kukipunguza, kukikunja upande wa nyuma. Nikasema sawa, tukikunje. Akakishika pindo, akakiachia.

Kisha akakitoa chote. Akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka begani kama taulo ya mtu anayetoka kuoga. Tukaenda kunywa chai. Tulirudi, mashine inaunguruma.

Kesho yake asubuhi tulifunga mlango wa kibanda, tukaandika nje kwamba leo hakuna kuchapa, tukaunganisha waya kutoka kwenye redio. Fundi alikisafisha kichwa cha redio kinachosoma kaseti kwa spiriti, akasema bismillahi, akabonyeza. Mimi macho kwenye feni. Yeye kitambaa mapajani.

Nilitegemea maneno ya huzuni, au wimbo. Sauti ya kwanza ya Bi Zainabu ilikuwa ya mtu aliyekasirika.

"Baba Mwanaidi, hii redio uliitengeneza au uliiharibu? Naongea hapa, taa nyekundu haiwaki. Basi kama haiwaki nitaongea hivyo hivyo, utajua mwenyewe."

Fundi akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, kifuani, kama mtu aliyekamatwa. Mkewe akaendelea: paa linavuja upande wa jikoni, korosho wamenunua kwa bei ya aibu, shangazi amekuja na hana dalili ya kuondoka. Nyuma yake mtoto akaanza kulia, akanyamazishwa, akalia tena. Utepe ulikuwa unabanduka, tunauona, na mashine inapokea, hairuki hata neno. Ulipofika mwisho redio ikajizima. Fundi aliutoa utepe, akautazama kwenye mwanga. Sehemu nyingine ulikuwa unapitisha mwanga kama karatasi ya maandazi.

Tulichukua kaseti mpya, tukarekodi kutoka kwenye kompyuta, Mwanaidi akaondoka nayo. Aliisikiliza kwanza pale kibandani. Alipofika pale mtoto anapolia akauliza huyo ni nani, na baba yake akainama kukunja waya. Nilijibu mimi kwamba ni yeye.

Baada ya harusi nilitaka kurudisha kikofia mahali pake pa zamani. Kazi imekwisha, na mwendo wa kuazima, kwangu mimi, ni wa kurudishwa. Nilikuwa tayari nimefungua bati. Fundi alikuwa anafunga mizigo kwenda Tunduru, kaka yake anaumwa na mikorosho haina mtu. Akaingia, akaweka kidole pale pale kwenye kile kikofia.

"Usiguse hapa mpaka nirudi, Mngoni. Nikirudi tutaishusha pamoja."

Nikamwambia Wayao mnajulikana kwa kurudi. Akanipa kitambaa, akasema nikitumie mashine ikiwa imezimwa tu. Akapanda gari. Kaka alipona, ila Fundi ndiye aliyeugua, na habari zilinifikia watu wameshamaliza arobaini. Kibanda chake kikachukuliwa na muuza vocha. Watu wa Msamala walikuwa na maneno yao kuhusu mimi na yule Myao. Sikuwahi kuyakanusha, na wala sikuyakubali. Ila tangu hapo sijapata mtu wa kunitukania mababu kila asubuhi, na hilo halinunuliki hata kwa kubishana.

Mashine niliitumia kidogo tena, kisha nikaizima, nikaifunika. Sauti nilikuwa nimeinakili kwenye mashine ya pili, mnanijua. Radi ikaichukua mashine ya pili.

Sasa Mwanaidi amenipigia simu kutoka Masasi. Redio imeitafuna kaseti yake. Ana mjukuu anayeuliza mama wa bibi yake alikuwa anaongeaje. Iliyobaki ni hii ya kwangu tu, chini ya kitambaa. Mmoja wenu, kijana mpole, alikuja akachomoa diski akaiunga kwenye laptop yake kwa kiunganishi. Haikuitambua. Akairudisha, akasema itasomeka kwenye mashine yake yenyewe, kama itawaka, na huenda ikawaka mara moja tu. Akaniambia: "Mama, kabla ya kuiwasha rudisha kwanza spidi ya kiwandani. Ndiyo salama."

Najua ndiyo salama. Nimewafundisha mwenyewe hapo juu. Grisi imekauka, feni imezeeka, na mwenye akili haanzi mbio na mgonjwa. Mwezi wa saba unakuja, baridi ipo. Kitambaa nimeshakitoa, nimekifua, nimekikunja pembe kwa pembe. Bati nimelifungua, jicho langu liko kwenye kile kikofia cheusi, na kidole changu kile chenye kovu kimefika karibu mara mbili, kikarudi.

Aliniambia nisiguse mpaka arudi. Nyinyi ndio mafundi sasa. Nishaurini: nikihamishe, au nikiache?